Draiva ya Mwaka 1968

Dar es Salaam

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako kaniambia duka limechangamka, walimu wanaleta mitihani ya kuchapa mpaka unafunga usiku. Hongera sana. Kopi za mitihani ndizo zinazolipa kodi ya fremu, usije ukazidharau.

Picha ya kioo cha laptopu nimeiona. Printa ilikataa kuskani, ukamwita kijana wa duka la pili, naye akakuwekea programu inayodai draiva zako 23 zimepitwa na wakati. Imezipanga kwa rangi nyekundu na inataka dola 30 ndipo izirekebishe. Unaniuliza kama nikutumie hiyo hela sasa au usubiri mwisho wa mwezi. Usilipe sasa wala mwisho wa mwezi, na hiyo programu iondoe leo kabla hujafunga duka. Nimeona niandike kwa kirefu, maana kwenye simu huwa unaitikia "sawa, mjomba" kisha unakata ukamhudumie mteja.

Tuanze na hizo nyekundu. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi X, halafu chagua Device Manager. Bofya mara mbili kifaa chochote, ingia palipoandikwa Driver, na utaona tarehe na namba ya toleo. Kwenye kibodi, kwenye diski, kwenye vitu vingi vidogo vya ndani, utakuta tarehe 21 Juni 2006. Laptopu iliyotoka kiwandani juzi nayo inayo tarehe hiyohiyo. Draiva hizo ni za Microsoft wenyewe, nazo huboreshwa pamoja na Windows. Tarehe ndiyo wameigandisha makusudi. Raymond Chen, mhandisi wa siku nyingi pale Microsoft, aliwahi kueleza sababu. Windows ikikuta draiva mbili zinazokifaa kifaa sawasawa, hutazama tarehe, na yenye tarehe ya karibuni ndiyo hushinda. Microsoft wangeandika tarehe ya kweli, kila toleo jipya la Windows lingeipiku draiva nzuri ya mtengenezaji wa kifaa na kuweka mahali pake ile ya jumla. Basi wakachagua siku moja ya nyuma, miezi kadhaa kabla Windows Vista haijatoka, wakabaki nayo.

Intel wamewapita. Yapo mafaili yao ya ubao mkuu wa kompyuta yenye tarehe 18 Julai 1968. Hiyo ndiyo siku Intel ilipoanzishwa, na Windows ya kwanza haikutoka mpaka 1985! Sababu ni ileile. Mengi ya mafaili hayo kazi yake ni kukipa kifaa jina lake ndani ya Windows, basi, kwa hiyo yamewekewa tarehe ya zamani yasije yakaiondoa draiva yenye kazi ya kweli. Programu yako ya dola 30 inasoma 1968 na kupiga yowe. Ama aliyeitengeneza halijui hili, ama analijua na anategemea wewe usilijue. Mimi naamini la pili.

Sasa ujue draiva yenyewe hufanya nini. Ukibonyeza kuprinti, Word haijui lolote kuhusu wino wala vichwa vya printa yako. Inaikabidhi Windows ukurasa, Windows inaikabidhi draiva, na draiva ndiyo inayozijua amri za printa hiyo. Kadi ya Wi-Fi ina ya kwake, spika zina ya kwake, kamera vilevile. Nyingi kati ya hizi hufanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo Word haikanyagi. Word ikikosea hujifunga yenyewe na maisha yanaendelea, lakini draiva ya kwenye kiini ikikosea kompyuta nzima husimama ikaonyesha skrini ya bluu. Ni sawa na kumpa fundi bomba funguo za nyumba nzima. Tarehe 19 Julai 2024 dunia ililiona hilo: kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili moja lenye kasoro, draiva yao ya kwenye kiini ikalisoma, na kwa hesabu ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zikaanguka. Ndege zilibaki viwanjani. Wenye kompyuta hawakuwa wamebofya chochote. Sasisho lilijiingiza lenyewe.

Ndiyo maana mtu akiniletea mashine mezani akasema "niapdetie draiva", namuuliza anataka apate nini. Printa haiskani, hilo ni jibu. Wi-Fi inakatikakatika, hilo nalo ni jibu. Amehamia Windows nyingine, au mtengenezaji ametangaza tundu la usalama na kutoa dawa yake, hapo hatubishani hata kidogo. Mwaka 2021 kuliibuka tatizo lililoitwa PrintNightmare, ambapo mtu mwovu aliweza kupitia huduma ya kuprinti ya Windows akaingiza draiva yake na kuitawala kompyuta. Tangu Agosti mwaka huo Windows inadai mamlaka ya msimamizi kabla ya kusakinisha draiva ya printa iliyo kwenye mtandao. Ukiona inakuomba nywila pale unapounganisha printa ya ofisi ya watu, usiwalaumu wenye ofisi. Lakini "ili iwe mpya tu", hiyo kwangu si sababu, na msimu wa mitihani ndiyo kabisa. Masasisho ya Windows yanayokuja yenyewe yaache yaje. Yale ya hiari yenye draiva ndani yake yatazame, na kama kifaa hakisumbui, yapite.

Sasa laptopu yako. Ni EliteBook 840 G3, zile zilizotumika zinazoingia kutoka Dubai na Ulaya, mashine ngumu na nzuri. Ipo siku fundi ataipiga Windows upya, maana mafundi wengi dawa yao ya kila ugonjwa ni kupiga Windows. Huenda ukairudisha dukani ukakuta Wi-Fi haipo kabisa, hata ile alama yake chini ya kioo haipo. Unahitaji intaneti ili upate draiva ya kukupa intaneti. Hapo watu hubeba mashine kurudi kwa fundi na kulipa tena, na wewe usilipe. Chukua simu yako ya Android, ichomeke kwenye laptopu kwa waya wake wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti na uwashe ile ya kupitishia intaneti kwa USB. Kwa kawaida Windows huitambua simu hapohapo bila kuomba chochote. Na kama simu yenyewe imeshika Wi-Fi ya jirani, itaipitisha hiyohiyo bila kugusa bando lako.

Ukishapata intaneti, rudi Device Manager. Kifaa kisicho na draiva utakikuta na alama ya njano na jina lisilokusaidia, mathalani Network Controller. Ukikifungua kitakuambia Code 28, maana yake draiva haijasakinishwa. Nenda palipoandikwa Details, kwenye ile orodha ndogo chagua Hardware Ids, na utaona mstari unaoanza hivi: PCI\VEN_8086&DEV_24F3. Usiuogope. Namba inayofuata VEN ni ya mtengenezaji. 8086 ni Intel, walijitwalia namba ya chipu yao maarufu ya mwaka 1978, na majivuno yao hayo mimi huwa yananifurahisha. Ukikuta 10EC ni Realtek, 10DE ni Nvidia, 1002 ni AMD. Inayofuata DEV ni kifaa chenyewe, na 24F3 ni kadi ya Wi-Fi ya Intel iitwayo Wireless-AC 8260. Huo mstari mmoja unamaliza ubishi wote wa mafundi. Nipigie picha yake nikiwa popote, nitakuambia ni kifaa gani bila hata kuiona laptopu.

Pa kuipata draiva yenyewe: kwanza kwa aliyetengeneza laptopu, yaani HP. Kwenye tovuti yao ingiza namba ya mfululizo iliyobandikwa chini ya mashine, chagua Windows uliyo nayo, na watakuonyesha draiva za mashine hiyo. Kwa aliyetengeneza chipu nenda baadaye, kama ya HP imeshindwa. Za watengenezaji wa chipu mara nyingi ni mpya zaidi, lakini za HP ndizo zilizopimwa na vitufe vya mashine hiyo, spika zake na ile sehemu ya kuburuzia kidole. Na ukitafuta Google, matokeo ya juu kabisa huwa ni matangazo ya kulipiwa. Utaona kitufe kikubwa cha kijani cha kupakua, kumbe kinakuletea ndugu yake ile programu ya dola 30. Soma anwani ya tovuti kabla ya kubofya.

Bando nalo usilisahau. Draiva ya kadi ya picha peke yake inaweza kula mamia ya MB. Kama unatumia hotspoti ya simu, iambie Windows kwamba muunganisho huo ni wa kulipia kwa kipimo, ili isianze kujishushia mizigo ikiwa wewe umesimama na mteja. Bora zaidi ni kutunza draiva zinazofanya kazi leo, wakati kila kitu ni kizima. Chomeka flashi, tengeneza ndani yake folda iitwayo draiva, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, kisha andika amri hii, ukibadilisha herufi E iwe ile ya flashi yako:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Itanakili draiva zote zilizosakinishwa juu ya zile za Windows. Siku Windows ikipigwa upya utaingia Device Manager, utabofya kifaa chenye alama ya njano, utachagua kusasisha, utaionyesha folda hiyo, na utamaliza bila kutumia hata MB moja. Nawashangaa mafundi wasiofanya hivi kabla ya kufuta mashine ya mtu. Flashi hiyo iandike kwa kalamu ya wino mzito na usimwazime mwanafunzi yeyote.

Tuje kwenye printa. Epson yako ya matangi ni vifaa viwili katika boksi moja: printa na skana. Kila kimoja kina draiva yake. Ukichomeka waya kabla ya kusakinisha chochote, mara nyingi Windows hukuwekea draiva ya jumla ya kuprinti tu. Karatasi zinatoka, unafurahi, unadhani umemaliza. Siku mteja analeta cheti cha kuskani ndipo unagundua upande wa pili haupo, wala huoni kiwango cha wino kwenye kioo. Nina hakika ndicho kilichokupata. Kwa hiyo huna draiva 23 zilizozeeka, una draiva moja ambayo haijawahi kuwekwa. Pakua kifurushi kamili cha modeli yako kutoka tovuti ya Epson, chenye Epson Scan 2 ndani yake. Chomoa waya wa USB kabisa. Endesha kisakinishi, na usiuchomeke waya mpaka chenyewe kikuambie.

Lile lalamiko lako la pili, kwamba printa inaandika "Offline" na ipo palepale mezani inawaka, hilo halina uhusiano na umri wa draiva. Ulihamisha waya ukauchomeka tundu jingine la USB. Windows ikaona ni printa nyingine, ikatengeneza ya pili yenye jina lilelile na Copy 1 mbele yake. Ya kwanza imebaki inasubiri kwenye USB001, mashine yenyewe sasa ipo USB002, na kazi zako zote unazituma kwa ile isiyo na mtu. Rudisha waya mahali pake, au fungua sifa za printa upande wa Ports na uweke tiki palipo sahihi, kisha ile isiyotumika uifute. Ukitaka kufuta na draiva yake pia, maana kufuta printa hakuiondoi draiva, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika printui /s /t2, na orodha ya draiva za printa zote itafunguka. Weka alama ya kalamu kwenye tundu la USB la printa ili atakayefagia duka asikuharibie.

Umeniambia pia kwamba unataka waya wa bei nafuu wa kuunganishia ile printa kuukuu ya risiti, wenye USB upande mmoja na pini tisa upande wa pili. Nunua, ila ujue habari hii. Waya hizo zina chipu ndogo ndani yake, na iliyo maarufu sana ni FT232 ya kampuni ya FTDI ya Glasgow, Uskoti. Kwa kuwa ni maarufu, ya bandia zimejaa duniani, na mnunuzi hawezi kuzitofautisha kwa macho. Mwaka 2014 FTDI walitoa draiva mpya, ikasambazwa kupitia Windows Update kama sasisho la kawaida. Ilipokutana na chipu ya bandia ilikuwa inaandika sifuri mahali pa namba ya utambulisho ya kifaa, ile ambayo kwa kawaida husomeka 6001. Waya uliokuwa ukifanya kazi asubuhi haukutambulika tena, hata ukihamishiwa kompyuta nyingine, kwa sababu kilichobadilishwa kilikuwa ndani ya waya wenyewe. Watu walikasirika sana na draiva ikaondolewa. Mimi sitetei bandia, lakini aliyeumia ni mtu wa mwisho aliyenunua kwa nia njema, wala hakuulizwa. Kwa hiyo ukiupata waya unaofanya kazi, draiva yake inakili kwenye ile flashi na usiiguse.

Ukisasisha kitu kikaharibika, rudi palepale penye Driver ubonyeze Roll Back Driver. Windows itairudisha iliyotangulia. Kitufe kikiwa kimefifia, maana yake hakuna ya nyuma iliyotunzwa, na hapo utategemea System Restore. Kwa hiyo kabla ya kugusa draiva ya kadi ya picha au ya diski, tengeneza kwanza kituo cha kurejea. Ni kazi ya dakika moja. System Restore pengine huwa imezimwa, kwa hiyo hakikisha imewashwa kwenye diski C.

Usichanganye draiva na BIOS. Kwenye ukurasa wa HP utaziona zimekaa jirani, na yule kijana wa duka la pili huenda akataka kusasisha zote kwa mkupuo. BIOS ni programu iliyo ndani ya chipu kwenye ubao mkuu. Umeme ukikatika katikati ya kuiandika, laptopu inaweza isiwake tena. Kwa umeme wetu huu, tena betri yako haimalizi nusu saa, iache kabisa. Ukiwa na sababu ya kweli, niletee huku.

Kuna jambo moja draiva haziwezi kulitibu. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu yako ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, wakati Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane. Wapo watakaokuambia wanaweza kuilazimisha, na kweli wanaweza, ila Microsoft hawaahidi kuipa masasisho, na kila usiku unaofunga duka utakuwa hujui asubuhi utaikuta vipi. Mimi ningeanza kutenga hela kidogokidogo kwa mashine ya kizazi cha nane, 840 G5 kwa mfano, uangalie prosesa kabla ya kulipa kwa sababu nyingine zina kizazi cha saba. Hiyo ya sasa tutaiwekea Linux, ibaki ya kuchapia. Kwenye Linux draiva nyingi huja ndani ya mfumo wenyewe, Wi-Fi yako ikiwamo.

Jumapili hufungui duka, basi fanya kazi ya printa siku hiyo. Ile programu utakuwa umeshaiondoa, kwa hiyo anza kwa kutengeneza kituo cha kurejea, kisha ndipo uje kwenye Epson. Ukimaliza skani risiti ya kodi ya fremu unitumie, nione kama upande wa skana umeamka. Ikikataa, nitumie picha ya mstari wa Hardware Ids, usinitumie picha ya kioo kizima chenye mwanga wa dirisha kama ile ya juzi, sikusoma kitu.

Msalimie mama yako, mwambie mzigo wa vitenge nimeupokea na hela naituma Jumatatu.

Ni mimi,
Mjomba wako